Kifuniko hakipo na kamera imesema OK: kisa cha sensa iliyofundishwa kitu sicho

Kisa kilianzia kwenye katoni iliyolowa. Dada mmoja wa kufungasha alinyanyua katoni, chini ikabaki mezani, kuangalia ndani kuna chupa moja haina kifuniko kabisa. Sio kimelegea, hakipo. Na hiyo chupa ilikuwa imepita mbele ya sensa ya kamera ambayo kazi yake ni moja tu, kuangalia kama kifuniko kipo na kimekaa sawa.

Kichekesho ni kwamba wiki hiyohiyo malalamiko niliyokuwa nayo yalikuwa ya upande wa pili, eti kamera ni kali mno, inatupa chupa nzuri. Shifti ya mchana kila siku pipa la rijekti linajaa chupa ambazo ukizishika mkononi huoni kasoro yoyote. Sasa kamera inayotupa nzuri na kupitisha mbaya, zote mbili kwa wakati mmoja, hiyo sio kamera kali wala kamera legevu, hiyo ni kamera inaangalia kitu kingine. Ila hilo nimelijua baadaye, siku ile nilikuna kichwa tu kama wengine.

Niweke mazingira kwanza ili namba zieleweke. Chupa ni za plastiki angavu, kifuniko cheupe, zinatoka kwenye mashine ya kufunga vifuniko, zinapanda konveya (mkanda unaobeba chupa), na kama mita moja mbele ndo kuna sensa. Nikisema sensa ya kamera nazungumzia vile vidude ambavyo lenzi, taa na kompyuta ndogo vyote viko ndani ya boksi moja la saizi ya kiganja, unakifundisha kwa laptop, ukichomoa laptop kinabaki kinahukumu chenyewe, jibu linatoka kwa waya wa volti 24 kwenda PLC, ile kompyuta inayoendesha mashine za laini, na PLC ndo inafyatua kipulizo cha hewa kuisukuma chupa mbaya nje ya mkanda. Picha haina rangi, ni pikseli 640 kwa 480, na kwa umbali tuliofunga inaona upana wa milimita 128, kwa hiyo pikseli moja ni milimita 0.2. Hiyo 0.2 ikumbuke, kila kitu huko mbele kinapimwa kwayo.

Ndani kulikuwa na zana mbili zimewashwa. Ya kwanza ni kitafuta umbo: unapiga picha masta ya chupa nzuri, unachora boksi, yeye anakariri kingo zote zilizomo ndani ya lile boksi, halafu kila chupa ikipita anatafuta mpangilio uleule na kutoa alama kuanzia 0 mpaka 100. Ikizidi kiwango ulichoweka ni OK, ikipungua ni NG ("no good", yaani mbaya). Na pia anakuambia umbo liko wapi kwenye picha, ili zana nyingine ziende nalo. Ya pili ni zana ya ukingo: kiboksi chembamba kinachopita kwenye picha kwa mwelekeo mmoja, kikisoma mwanga (0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe kabisa) na kusimama pale ambapo mwanga unabadilika ghafla. Yetu ilikuwa imewekwa juu ya kifuniko, ikishuka kutoka juu kwenda chini, na iliulizwa swali moja tu, ukingo upo au haupo. Haikuulizwa uko wapi. Chupa isiyo na kifuniko nayo ina mdomo, na mdomo nao una ukingo, kwa hiyo ile zana ilikuwa inajibu ndiyo kwa kila kitu. Hapo tayari nusu ya ulinzi haipo.

Nikafungua kumbukumbu za setingi. Kiwango cha kupita cha kitafuta umbo kiliwekwa 70 siku ya kufunga. Halafu kimeshuka 60. Halafu 50. Halafu 40.

Nikamfuata supavaiza wa mchana, mtu mzima, tunaheshimiana. Shikamoo mzee. Marahaba kijana. Mzee, hii 40 kaweka nani? Akanijibu bila kupepesa, "Mimi mwenyewe. Pipa linajaa, nashusha, halijai. We ungefanyaje na foleni ya chupa iko nyuma yangu?" Na kusema ukweli kwa alichokuwa anakiona hakukosea, kwa sababu kile kitufe ndo kitufe pekee kwenye skrini ambacho ukikigusa pipa linaacha kujaa papo hapo. Ndo ubaya wake. Kinakupa majibu ya haraka kuliko setingi nyingine yoyote, na hakitengenezi chochote.

Nikaziomba zile chupa za katoni nizipitishe tena. Chupa bila kifuniko ilipata alama 46. Kwa kiwango cha 40 imepita halali kabisa. Basi rudisha 70, si ndo rahisi? Nikarudisha 70 mchana uleule, chupa nzuri zikaanza kupata 55, 48, 61, moja ikapata 44. Yaani kuna chupa nzuri yenye alama ndogo kuliko chupa isiyo na kifuniko. Ukifika hapo acha kuzungusha kile kitufe, hakuna namba yoyote duniani itakayopitisha nzuri ya 44 na kuzuia mbaya ya 46.

Sasa nadharia ya jua. Kila mtu alikuwa nayo. Laini iko karibu na dirisha, tatizo ni la mchana, asubuhi hakuna tatizo, kwa hiyo jua. Ni nadharia nzuri, jua kweli linaharibu picha za kamera na mimi mwenyewe niliikubali. Tukaziba dirisha kwa kartoni na gundi ya karatasi. Na mchana ule pipa likakaa tupu! Tulipeana mikono kabisa. Kesho yake kartoni ipo, dirisha limezibwa, pipa limejaa.

Kilichonifungua macho ni daftari la uzalishaji sio kamera. Siku tuliyoziba dirisha mashine ya lebo huko mbele ilikuwa inasumbua, laini ikakimbia chupa 120 kwa dakika siku nzima. Siku za kawaida asubuhi ni 120 na mchana ni 180, maana mchana ndo watu wa kufungasha wanakuwa wametimia. Kumbe saa tulikuwa tunasoma vizuri, ila tulikuwa tunasoma saa badala ya spidi.

Hapo nikaacha kubishana na alama nikaanza kuangalia picha. Sensa nyingi zinaweza kutunza picha za NG, yetu ilikuwa na hiyo nafasi ila haijawashwa. Nikaiwasha, nikachukua picha ishirini za spidi 120 na ishirini za spidi 180, nikaziweka pembeni kwa pembeni kwenye laptop, nikakuza mpaka pikseli zikaonekana kama vigae.

Kitu cha kwanza. Ukingo wa juu wa kifuniko ulikuwa mkali kama umekatwa na wembe, kwenye picha zote arobaini. Kingo za pembeni, kushoto na kulia, kwenye spidi 120 zimelegea kidogo, kwenye spidi 180 zimekuwa ukungu. Sasa jua au taa mbaya haichagui upande, inaharibu picha nzima au inaharibu doa moja. Kinachoharibu kushoto na kulia na kuacha juu salama ni mwendo, kwa sababu chupa inakwenda mlalo, na ukingo ulio sambamba na mwendo unateleza juu ya kivuli chake mwenyewe, hauonekani kama umesogea. Ulio wima ndo unapakwa.

Hesabu yake ni nyepesi sana, spidi mara muda wa kupiga picha. Kwa 120 konveya ilikwenda karibu milimita 333 kwa sekunde, kwa 180 milimita 500. Muda wa kupiga picha ulikuwa milisekunde 4. Kwa hiyo wakati jicho liko wazi chupa inasogea milimita 1.33 asubuhi na milimita 2 mchana, yaani pikseli kama 7 dhidi ya pikseli 10. Tofauti ya mwanga kati ya kifuniko na nyuma yake ilikuwa kama 120 (kifuniko 190, nyuma 70). Hiyo 120 ukiitandaza kwenye pikseli 7 kila pikseli inapanda kama 17, ukiitandaza kwenye 10 inapanda 12. Na setingi ya nguvu ya ukingo, ile inayosema mabadiliko chini ya hapa yapuuze, ilikuwa 15. Yaani asubuhi kingo za pembeni zipo, mchana hazipo, ingawa mtu ukiangalia picha unaona kifuniko kilekile. Jicho lako linasamehe, ile namba haisamehi. Kuna mbinu za kutafuta kingo zinazosamehe kidogo, ya John Canny ya mwaka 1986 inatumia viwango viwili, na ukingo dhaifu unakubaliwa ukiwa umeshikana na wenye nguvu, lakini zana yetu ilikuwa na kiwango kimoja tu, ukikosa umekosa.

Kitu cha pili nilikiona nikibadilisha picha harakaharaka moja ya asubuhi moja ya mchana, kama zile filamu za kufungua kurasa kwa kidole. Chupa inaruka. Asubuhi iko katikati, mchana iko kulia. Triga, ile ishara ya kuiambia kamera piga picha, ilikuwa inatoka kwenye jicho la fotoseli (sensa ya mwanga inayogundua chupa ikipita) lililofungwa kabla ya kamera, halafu setingi ya kuchelewesha imewekwa milisekunde 100 ili chupa ifike mbele ya lenzi. Milisekunde 100 kwa spidi ya asubuhi ni milimita 33, kwa spidi ya mchana ni milimita 50. Tofauti milimita 17, pikseli kama 83. Boksi la kutafutia lilikuwa na upana wa pikseli 300 na kifuniko chenyewe ni 150, kwa hiyo kila upande kuna nafasi ya 75. Umeona? Mchana kifuniko kilikuwa kinatoka nje ya boksi kwa pikseli 8 hivi, sikio moja limekatwa. Hapo ndo nikajua kwanini alama hazishuki sawa, zinacheza, maana mkanda nao una kutetemeka kwake.

Lakini bado chupa bila kifuniko kupata 46 ilikuwa hainiingii akilini. 46 inatoka wapi kama kitu chenyewe hakipo?

Nikafungua picha masta nikaomba programu ichore kingo ilizokariri. Zikatokea kwa kijani. Kifuniko kipo, kimezungukwa vizuri. Na pembeni yake, ndani ya boksi, kuna mistari miwili mirefu wima iliyonyooka, mikali, yenye nguvu kuliko kifuniko chenyewe. Ni mguu wa reli! Ile nguzo fupi ya chuma inayoshikilia reli ya kuongoza chupa, iko nyuma ya mkanda, na aliyechora boksi alichora kwa ukarimu, akaikumbatia na nguzo. Kamera ikakariri kwamba chupa nzuri ni kifuniko pamoja na nguzo.

Mambo yote yakakaa. Nguzo haiendi popote, ipo kwenye kila picha, kila saa, hata mkanda ukiwa mtupu. Nilisimamisha laini nikapiga picha ya mkanda bila chupa, ikapata 31. Alama 31 za bure! Ongeza shingo ya chupa ambayo nayo ina pande mbili wima zinazofananafanana na pande za kifuniko, unafika 46 bila jasho. Upande wa pili, chupa nzuri ya mchana imesogea pikseli 83, nguzo haijasogea, kwa hiyo mpangilio wa kifuniko na nguzo haulingani tena na masta, mtafutaji analazimika kuchagua kimoja, akichagua nguzo anapoteza kifuniko, akichagua kifuniko anapoteza nguzo, na kifuniko chenyewe pembeni ni ukungu. Ndo maana 44. Nguzo ileile iliyokuwa inaibeba chupa mbovu ndo iliyokuwa inaiangusha nzuri.

Nilimwita yule mzee nikamwonyesha ile mistari ya kijani. Akaiangalia muda, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunakagua nguzo." Tukacheka maana ni kweli.

Matengenezo hayakuwa marefu, ila mpangilio wake niliushikilia, maana ukigusa zana kabla ya picha utarudi kugusa tena.

Kwanza mahali. Fotoseli tukaihamisha ikakaa karibu kabisa na mstari wa kamera na kuchelewesha kukabaki milisekunde 5. Tofauti kati ya spidi mbili ikawa chini ya milimita 1, pikseli 4. Dawa kubwa zaidi ingekuwa enkoda kwenye mkanda, kamera inahesabu umbali badala ya muda, lakini kuhamisha kibano cha fotoseli ni spana moja na dakika kumi, sikuona sababu ya kuleta kifaa kipya.

Halafu mwanga. Nilitaka muda wa picha ushuke kutoka milisekunde 4 mpaka 0.4, ili kwa spidi ya 180 chupa isogee milimita 0.2, pikseli moja basi. Ila ukipunguza muda mara kumi umepunguza na mwanga mara kumi, na taa ya ndani ya sensa haikuweza. Kuna setingi ya kuongeza nguvu ya picha kwa umeme, gaini, nikaijaribu, picha ikarudi kung'aa lakini ikajaa punje kama redio mbovu ingekuwa picha, na punje nazo ni mabadiliko ya mwanga, zana ya ukingo ikaanza kuona kingo hewani. Nikaizima. Tukafunga bamba la taa nyuma ya chupa, likiangalia kamera, kubwa kuliko eneo la picha ili pembe zisiwe na giza. Kifuniko sasa ni kivuli cheusi kwenye ukuta mweupe, 25 dhidi ya 230. Nguzo nayo ikafichwa na bamba, kwaheri.

Taa ya nyuma ilileta na faida nyingine ambayo sikuitafuta. Kuna oda zilikuwa zinakuja na vifuniko vya bluu, na taa ya ndani ya sensa yetu ni nyekundu. Bluu chini ya taa nyekundu kwenye kamera isiyo na rangi inakuwa karibu nyeusi, na nyuma yake kulikuwa na giza, kwa hiyo kila oda ya bluu ilikuwa na programu yake yenye setingi zake za kuombea mungu. Kwa kivuli hakuna cha bluu wala cheupe, ilimradi kifuniko hakipitishi mwanga. Na jua? Muda wa picha umepungua mara kumi, kwa hiyo mwanga wa dirishani nao unaingia mara kumi kidogo, wakati bamba liko kali. Kartoni haina kazi tena japo bado ipo dirishani, nadhani ishakuwa sehemu ya jengo.

Kitafuta umbo nikakifundisha upya, boksi limebana kifuniko na pete ya shingo tu, hakuna kitu kisichosafiri na chupa. Hiyo pete ni ule ukosi wa plastiki ulio chini kidogo ya kifuniko, ni sehemu ya chupa yenyewe, na ndo nilitaka iwe msingi wa vipimo. Mzunguko, yaani umbo likiinama kiasi gani bado alitafute, nikauweka nyuzi 10 kushoto na 10 kulia, ulikuwa 180 na 180, kana kwamba chupa inaweza kuja kichwa chini. Kwa kupunguza hilo tu muda wa kufikiri ulishuka kutoka milisekunde 140 hadi kama 35, na mbali na kasi, unaiondolea kamera nafasi ya kuona kifuniko kwenye mambo ambayo hayawezekani.

Ndo nikaja kwenye kingo, na hapa nilijikwaa mwenyewe.

Nilitaka vipimo vya kweli sio ipo haipo. Viboksi viwili vya ukingo, kimoja sehemu ya kushoto ya kifuniko, kingine kulia, umbali kati yao milimita 24, vyote vinashuka kutoka juu na vinasafiri na kitafuta umbo. Kila kimoja kinatafuta juu ya kifuniko, halafu napima kutoka hapo mpaka pete ya shingo. Kifuniko kilichokaa vizuri kinatoa milimita 18, pikseli 90. Kikiwa kimepanda, namba zote mbili zinakua. Kikiwa kimepinda, namba moja inakua kuliko nyingine, nyuzi 3 tu zinatoa tofauti ya milimita 1.26, pikseli 6, inaonekana bila shida. Na kwa sababu napimia kwenye pete na sio kwenye ukingo wa picha, mkanda ukirukaruka chupa nzima inaruka pamoja na kipimo hakijui.

Nikawasha, chupa zote NG. Zote! Alama za kitafuta umbo ziko 90 na kitu, ukingo umepatikana, nguvu ya ukingo nzuri sana, na kipimo kinasema milimita 3. Nilikagua fotoseli, nikakagua taa, nikakagua waya kama mjinga. Kumbe polariti, yaani mwanga unabadilika kuelekea wapi, giza kwenda mwanga au mwanga kwenda giza. Enzi za taa ya mbele kifuniko kilikuwa cheupe kwenye giza, kwa hiyo ukishuka kutoka juu unatoka gizani unaingia kwenye mwanga, na zana zilikuwa zimewekwa giza kwenda mwanga, mimi nikazinakili zilivyo. Kwa taa ya nyuma ni kinyume, unatoka kwenye mwanga unaingia kwenye kivuli. Zana ikapita juu ya kifuniko bila kujali, ikateremka mwili mzima wa kifuniko ikiwa gizani, mpaka ikafika chini yake ambapo kuna upenyo mwembamba wa mwanga kabla ya pete ya shingo, hapo giza limekwenda mwanga, ikashangilia. Ilikuwa na uhakika kabisa na ukingo ambao sikuuomba. Mtu akikwambia ukingo una nguvu 100 muulize ukingo gani.

Kuna wanaoweka polariti zote mbili ili kukwepa haya mambo. Sipendi. Unakuwa umeiambia ichukue chochote.

Nikageuza polariti, vipimo vikakaa kwenye 18. Kilichobaki kusumbua ni maji. Chupa zinatoka kuoshwa, tone linakaa juu ya kifuniko kama kibonge kidogo, na kiboksi changu kilikuwa na upana wa pikseli 3, kikiangukia juu ya tone kinasoma tone. Zana hii inachukua wastani wa mwanga kwenye upana wa kiboksi kabla ya kutafuta ukingo, kwa hiyo nikapanua mpaka 16 na tone likamezwa na wastani. Ukipanua sana nako kuna gharama, kifuniko kilichopinda ukingo wake unapita kiboksi kwa mshazari na wastani unaulegeza, nilijaribu 60 na vile vilivyopinda kweli vikaanza kukosa ukingo kabisa. Vilikuwa vinaishia NG vilevile ndiyo, lakini kwa sababu isiyo sahihi, na mimi nikisoma ripoti nataka kujua kimepinda au hakipo. 16 ikabaki.

Mwisho kabisa, kile kitufe. Nikapitisha chupa nzuri 200, nusu spidi ya chini nusu ya juu, nikaandika alama ya chini kabisa: 81. Nikachukua chupa mbaya tulizozitengeneza kwa mkono, bila kifuniko, kilichopinda, kilichopanda, kila moja nikaipitisha mara tatu. Bila kifuniko ya juu kabisa ilipata 27. Kutoka 46 mpaka 27, nguzo imeondoka na alama zake. Zilizopinda na zilizopanda zilipata mpaka 74 kwenye kitafuta umbo, na hilo ni sawa, hiyo sio kazi yake, zinakamatwa na vipimo vya kingo. Kiwango nikaweka 55, kiko mbali na pande zote mbili. Zile chupa mbaya zimezungushiwa utepe mwekundu na zinakaa kwenye kreti pembeni ya laini, kila shifti ikianza zinapitishwa zote na opereta anatia sahihi. Mzee ndo msimamizi wa kreti na hamwachii mtu, na kitufe cha alama kimewekewa neno la siri alilolitunga yeye, mimi mwenyewe nikilihitaji namwomba.

Ule ukingo wa makosa nao sikuutupa. Vifuniko hivi vina pete ndogo ya usalama chini, ile inayokatika mteja akifungua, na mara mojamoja mashine inafunga kifuniko ambacho pete hiyo imechanika au imebaki kwenye mashine. Hatukuwa na njia ya kuiona. Sasa upenyo wa mwanga kati ya chini ya kifuniko na pete ya shingo, ambao zana yangu iliuvamia kwa bahati mbaya, unakua pete ya usalama isipokuwepo. Nikarudisha kiboksi kimoja chenye polariti ya giza kwenda mwanga, nikakiwekea kikomo, na siku ya tatu kikamkamata wa kwanza. Mzee aliishika ile chupa akaigeuzageuza, akaenda kuiweka kwenye kreti na utepe wake.

Sasa hivi wanataka laini ipande chupa 220 kwa dakika. Kwa upande wa kamera nimeshapiga, konveya itakwenda kama milimita 611 kwa sekunde, mara milisekunde 0.4 ni milimita 0.24, pikseli moja na kidogo, haijafika popote. Muda kati ya chupa na chupa unabaki kama milisekunde 273 na kamera inatumia 35. Ninachokitilia shaka ni kipulizo cha hewa, valvu yake ni ya zamani na kwa 180 tayari kuna chupa inayofuata inayotikisika kidogo kikipuliza, kwa hiyo kabla hawajagusa spidi nimeomba wanipe laini nusu siku nikipime hicho.